Kufasiri mwisho wa Evangelion: mwongozo kamili kwa aliyebaki na maswali

Jumatano ya tarehe 27 Machi 1996, kituo cha TV Tokyo cha Japani kilirusha episodi ya 26, ya mwisho, ya mfululizo wa katuni wa Neon Genesis Evangelion. Kwa miezi sita watazamaji walikuwa wamefuatilia vita vya majitu ya Eva dhidi ya viumbe wanaoitwa Malaika, siri za taasisi ya NERV na njama za baraza la SEELE. Walikaa wakisubiri pambano la kufunga kazi. Badala yake walimwona Shinji Ikari, kijana wa miaka 14, akihojiwa ndani ya nafsi yake mwenyewe. Picha zikageuka michoro ya penseli. Kisha ganda lililomzunguka likapasuka, akajikuta katikati ya watu wote aliowahi kuwafahamu, wanampigia makofi na kumwambia, mmoja baada ya mwingine, "Hongera". Ikaishia hapo.

Hongera ya nini? Sisi hongera humpa aliyejifungua, aliyeoa, aliyefaulu mtihani, yaani mtu aliyevuka. Shinji kavuka nini, na pale yuko wapi? Tarehe 19 Julai 1997 mwongozaji Hideaki Anno na studio ya Gainax walitoa filamu, The End of Evangelion, yenye mwisho mwingine kabisa: ufuko wa mchanga mweupe, bahari nyekundu, watu wawili wamelala. Waliotaraji filamu ingefunga mjadala wa kwanza wakaongezewa wa pili.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyemaliza kutazama akabaki ameduwaa, na hataki kukimbilia video ya mtu mwingine inayomwambia "maana yake ni hii". Nimeipita njia hii mara kadhaa, mara mbili pamoja na mdogo wangu wa kike, na nimeona mahali ambapo watu hukwama. Nitatoboa siri zote za hadithi. Kama hujatazama, nenda katazame kwanza. Na ujue kwamba hii si katuni ya watoto: ina umwagaji damu, ina watu waliokata tamaa ya kuishi. Ukiwa katika kipindi kigumu, itazame ukiwa na mtu.

Kabla ya hatua yoyote: hiki si kitendawili

Tumelelewa na vitendawili. Mtu anasema "Kitendawili", unajibu "Tega", na ukishindwa unatoa mji ndipo akupe jibu. Jibu ni moja na analo yeye. Watu wengi huuendea mwisho wenye utata kwa mtindo huohuo. Wanaamini Anno ana jibu mfukoni, hivyo kazi yao ni kulikisia au kutoa mji.

Hapo ndipo wanapopotea. Mwisho wa namna hii una maswali ya aina tatu yaliyochanganyika. Yapo ambayo jibu lake limo ndani ya kazi yenyewe, ila lilipita haraka. Yapo yasiyo na jibu la moja kwa moja lakini yana ushahidi wa kutosha kukufanya uegemee upande. Na yapo yaliyoachwa wazi kwa makusudi, ambayo hata ukitoa miji kumi hupewi kitu. Kazi ya kufasiri, kwa sehemu kubwa, ni kuyatenga haya matatu. Nimeshuhudia mabishano ya saa nzima kati ya watu wawili, mmoja akijadili swali la aina ya kwanza na mwenzake la aina ya tatu, na hakuna aliyegundua.

Hatua ya 1: Tazama kwa mpangilio unaofaa

Anza episodi ya 1 hadi ya 24. Episodi za 21 hadi 24 zipo katika matoleo mawili: lililorushwa kwenye televisheni, na lile lililoongezwa baadaye kwa ajili ya kuuzwa kwenye kanda. Chukua lililoongezwa, kwa sababu nyongeza zake zinafungamana na filamu. Kisha 25 na 26. Kisha pumzika angalau usiku mmoja. Ndipo utazame The End of Evangelion, dakika 87, kwa mkao mmoja bila kukatiza.

Filamu iliyotangulia, ya Machi 1997, unaweza kuiruka. Sehemu kubwa ni marudio ya uliyokwisha kuyaona, na kipande chake kipya kimo ndani ya filamu ya Julai. Filamu nne zilizotoka kati ya 2007 na 2021 zisubiri kabisa. Zinasimulia upya kwa njia yake, na ukizichanganya na hii utakuja kutumia ushahidi wa nyumba ya jirani kuamua kesi ya nyumba yako.

Huo usiku mmoja wa mapumziko usiudharau. Mwisho wa televisheni una haki ya kukaa peke yake moyoni mwako kabla filamu haijaja juu yake.

Hatua ya 2: Andika ulichokiona, si ulichokielewa

Chukua daftari. Rudia dakika tano za mwisho na uandike kila kitu kama karani wa mahakama, bila neno "labda" wala "nadhani". Hii ndiyo hatua ambayo kila mtu anataka kuiruka, nami naomba usiiruke.

Haya ndiyo niliyoyaandika kuhusu ufuko wa mwisho wa filamu (Rei na Asuka ni marubani wa Eva kama Shinji, Misato ni ofisa wa NERV aliyewaongoza):

Usiku. Bahari nyekundu. Kichwa cheupe kikubwa cha Rei kimepasuka, kinaonekana mbali. Nguzo zimechomekwa mchangani. Kwenye mojawapo umepigiliwa msalaba mdogo wa Misato, ule aliokuwa akiuvaa shingoni. Shinji na Asuka wamelala chali, pana nafasi kati yao. Asuka ana bandeji jichoni na mkononi. Kwa nukta moja Rei anaonekana amesimama juu ya maji, kisha hayupo. Shinji anampanda Asuka na kumkaba koo. Asuka hapigani. Anainua mkono wenye bandeji na kumgusa shavu. Shinji anaachia, analia, machozi yanamdondokea Asuka. Asuka anasema neno moja. Mwisho.

Tazama sasa ule msalaba. Misato alimkabidhi Shinji kabla ya kufa kwake, kwenye korido ya NERV. Nguzo hazikujichomeka, msalaba haukujipigilia. Kwa hiyo mtu aliamka kabla ya tukio tunaloliona, akatengeneza kitu kinachofanana na makaburi, kisha akarudi kulala. Niliitazama filamu hii mara mbili nikidhani Shinji ndiyo kwanza anafumbua macho. Daftari ndilo lililonionyesha kwamba muda ulikuwa umepita.

Hatua ya 3: Vunja swali kubwa

"Mwisho una maana gani?" ni swali kubwa mno kwa mtu yeyote. Livunje mpaka upate maswali madogo yanayoweza kushikwa mkononi. Kwa Evangelion, mimi nilipata haya, na pembeni nikaandika kila moja ni la aina gani.

Je, tukio la makofi katika episodi ya 26 linatokea mahali halisi? Aina ya kwanza, lina jibu. Kati ya wanaompongeza Shinji yumo Kaji, aliyepigwa risasi katika episodi ya 21, na yumo mama yake, Yui, aliyemezwa na Eva ya kwanza miaka mingi nyuma. Marehemu na walio hai hawakutani uwanjani. Tuko ndani ya nafsi.

Je, wanadamu ambao filamuni miili yao iliyeyuka ikawa maji mekundu wanaweza kurudi? Aina ya kwanza pia. Filamu inaeleza kanuni kwa maneno: mwenye utashi wa kuishi, anayeweza kujiona mwenyewe ndani ya moyo wake, anaweza kurudia umbo la mtu. Wangapi watarudi? Hiyo ni aina ya tatu. Hatuonyeshwi.

Je, mwisho wa televisheni na mwisho wa filamu ni tukio moja lililotazamwa kutoka ndani na kutoka nje, au ni miisho miwili inayopingana? Aina ya pili, na hapa ndipo penye utamu. Nitalirudia.

Kwa nini Shinji anamkaba Asuka, na kwa nini Asuka anamgusa shavu? Aina ya pili. Je, watapatana, wataishi? Aina ya tatu.

Ukimaliza orodha yako utaona jambo la kutuliza: maswali yaliyoachwa wazi kabisa huwa machache kuliko ulivyodhani ulipozima runinga.

Hatua ya 4: Kusanya ushahidi kutoka ndani

Sasa rudi kwenye kazi yenyewe, ukiwa na maswali mkononi. Kuna mahali pa aina tatu pa kuangalia.

Kwanza, maandishi ya kwenye skrini. Evangelion hupenda kuandika, na watazamaji wengi huyachukulia maandishi yale kama pambo. Mwanzoni mwa episodi ya 26 yanatokea maandishi yanayosema kwamba ni mwaka 2016, kwamba kazi ya kuikamilisha mioyo ya watu, yaani kuziunganisha nafsi zote, inaendelea, lakini muda hautoshi kuyaeleza yote, kwa hiyo itasimuliwa habari ya mvulana mmoja tu, Shinji Ikari. Soma tena. Episodi yenyewe inakiri kwamba kuna jambo kubwa linaendelea nje, na kwamba imechagua kutokulionyesha. Hilo peke yake linavunja hoja kwamba episodi mbili za mwisho "hazihusiani na hadithi".

Kwenye filamu, kabla ya ufuko, linatokea bango lenye jina la kipande kile cha mwisho: ni mwisho mmoja zaidi, na chini yake yapo maneno "nakuhitaji". Mtu anayeshikilia kwamba ufuko ule ni chuki tupu ana wajibu wa kulieleza bango hilo. Lile neno la Asuka limewafanya wengi walisahau.

Pili, picha zinazopita haraka. Katika episodi ya 25 inapita picha ya Misato ameegemea ukuta na damu, na nyingine ya Ritsuko, mwanasayansi wa NERV, akielea majini. Wakati ule, tarehe 20 Machi 1996, hakuna mtazamaji aliyejua wamekufaje. Miezi 16 baadaye filamu ikaonyesha vifo vile hasa: Misato anapigwa risasi akimvusha Shinji, Ritsuko anapigwa risasi na Gendo, baba yake Shinji, na kuangukia majini. Huu ndio ushahidi mzito kuliko wote kwamba matukio ya nje yalikuwa yamefikiriwa tayari, na kwamba televisheni ilituonyesha upande wa ndani wa siku ileile. Simamisha picha, nenda fremu kwa fremu. Kwenye simu ni shida. Tumia kompyuta kama unayo.

Tatu, na hili nalipenda kuliko yote, picha inayojirudia. Inapojirudia usiishie kusema "inafanana". Tafuta kilichobadilika.

Ndani ya filamu, kabla ya dunia kuyeyuka, kuna tukio la jikoni kwa Misato. Shinji anamsihi Asuka amsaidie, asimwache peke yake. Kahawa imemwagika sakafuni. Asuka anamjibu neno moja: hapana. Shinji anamkaba koo. Sasa weka tukio lile kando ya ufuko. Watu walewale, mikono ileile, koo lilelile. Kimebadilika nini? Mkono wa Asuka. Jikoni alimkataa kwa maneno. Ufukoni amemgusa bila kuombwa, naye Shinji amelegea. Ukitazama ufuko peke yake unaona kijana katili. Ukitazama matukio mawili pamoja unaona duara lililokuwa likizunguka siku zote, limekatwa mara moja na kiganja chenye bandeji.

Hapo sisemi Shinji ametakaswa. Amemkaba binti, na filamu haimfutii hilo. Ila nasema kwamba aliyebadilisha mwelekeo wa tukio ni Asuka, na fasiri nyingi nilizosikia humzungumzia kama kiti kilichokuwa pale.

Kumbuka pia kwamba kisa cha kukaribiana na kuumizana kimetajwa mapema sana. Jina la episodi ya 4 linarejea mfano wa wanyama wenye miiba ambao, wakisogeleana wapate joto, huchomana. Mwanafalsafa Mjerumani Arthur Schopenhauer aliusimulia kwa nungunungu. Ule uzio usioonekana unaowakinga Malaika na Eva, unaoitwa AT Field, hadithi inakuja kutwambia kwamba ni uleule unaotenganisha nafsi moja na nyingine. Ukiuondoa, hakuna anayemchoma mwenzake, na hakuna tena mwenzake. Ufuko ni mahali ambapo miiba imerudi.

Hatua ya 5: Pima tafsiri kabla ya kupima maana

Wengi wetu tunatazama kwa sabtaito za Kiingereza, yaani tunafasiri fasiri ya mtu mwingine. Waliokulia kwenye vibanda vya video wanajua: DJ aliyetafsiri sinema alikuwa na uwezo wa kumfanya mwovu aonekane shujaa kwa sentensi moja. Mtafsiri wa sabtaito anao uwezo huohuo, ila hausikii.

Neno la mwisho la Asuka ni "kimochi warui". Tafsiri nyingi za Kiingereza zimelipeleka upande wa kuchukizwa, kama vile anamtemea Shinji maneno. Wajapani hulitumia kwa mambo mawili: mtu anapoona kinyaa, na mtu anapojisikia vibaya mwilini, anapotaka kutapika. Kiingereza kinakulazimisha uchague. Kiswahili hakilazimishi, na hapa tuna bahati. Tunasema "moyo unanichafuka". Anasema hivyo aliyepanda basi kwenye kona za milimani, anasema hivyo aliyeona jambo la aibu, anasema hivyo mjamzito asubuhi. Mweke Asuka kinywani maneno hayo, "moyo unanichafuka", kisha urudie tukio. Kwangu mimi lilibadilika. Niliacha kusikia hukumu tu. Nikasikia pia mtu aliyerudi mwilini, ana tumbo, ana koo linalouma, anahisi. Wale waliobaki kwenye bahari nyekundu hawahisi kichefuchefu.

Mfano wa pili ni Kaworu, kijana anayekuwa rafiki wa Shinji katika episodi ya 24. Anamwambia Shinji neno linalotokana na "suki". Toleo la Netflix la mwaka 2019 lilipobadilisha tafsiri ya zamani ya Kiingereza, kutoka neno zito la mapenzi hadi neno jepesi la kuvutiwa, mashabiki waliwaka moto. Ugomvi wote ule ulitokana na Kiingereza kuwa na maneno mawili. Kiswahili kinasema "nakupenda", na neno hilo linabeba yote, la mama kwa mwana, la rafiki, la mpenzi, likimwachia msikilizaji kazi ya kupima.

Namna ya kufanya ni rahisi. Chagua sentensi mbili au tatu tu ambazo fasiri yako inazitegemea. Tazama kwa sauti ya Kijapani. Linganisha tafsiri mbili tofauti. Zikitofautiana, hapo pana jambo. Tafuta maana za neno lenyewe kwenye kamusi ya Kijapani. Kisha jitafsirie mwenyewe kwa Kiswahili cha nyumbani, kile ungekisema jikoni. Si kwa sababu Kiswahili kina ukweli zaidi, bali kwa sababu kinakutoa kwenye reli ya Kiingereza.

Hatua ya 6: Maneno ya waliotengeneza, na uzito wake

Baada ya kumaliza ya ndani, ndipo usikilize ya nje. Si kabla.

Anno amesema hadharani kwamba kabla ya Evangelion alipitia miaka ya msongo mzito wa moyo, na kwamba alijiweka humo ndani. Hilo linasaidia kueleza kwa nini hadithi ya majitu inaishia kwenye kiti cha kukunja gizani, mtu akijiuliza kama ana haki ya kuwepo. Halikupi jibu la ufuko.

Yuko Miyamura, aliyempa Asuka sauti, amesimulia kwamba neno la mwisho halikuwa lile lililoandikwa kwanza. Lilibadilishwa chumba cha kurekodi baada ya Anno kumuuliza yeye angesema nini akiwa katika hali ya namna ile. Taarifa hii watu huitumia vibaya sana. Wanasema, basi neno halina maana, lilikuja kwa bahati. Nakataa. Mwongozaji alisikia majibu, akalichagua lile. Kuchagua ni kuandika.

Hoja ya "waliishiwa muda" nayo ipime hivyohivyo. Kweli walikuwa wakikimbizana na saa, na maandishi ya episodi ya 26 yenyewe yanataja kutotosha kwa muda. Lakini uhaba unaeleza kwa nini kuna michoro ya penseli. Hauelezi kwa nini ile nafasi nyeupe isiyo na kitu inachorewa mstari mmoja wa ardhi, na Shinji anaambiwa kwamba amepoteza uhuru kidogo lakini sasa anaweza kusimama. Hilo ni wazo, na wazo zuri. Lilikuja na penseli kwa sababu penseli ndiyo ilikuwepo.

Kwa upande mwingine, yapo mambo ambayo mwongozaji hayaamui hata akisema. Chukua katuni nyingine, Cowboy Bebop ya Shinichiro Watanabe, ya mwaka 1998. Mwishoni Spike, mhusika mkuu, anaanguka kwenye ngazi, kamera inapanda mbinguni, nyota moja inafifia na kuzimika. Watanabe amekuwa akisema kwamba hajawahi kutangaza rasmi kuwa Spike amekufa. Sawa. Lakini ndani ya hadithi yupo mzee Laughing Bull, anayezungumzia nyota ya kila shujaa na nyota iliyo karibu kuanguka. Kanuni ya nyota imewekwa na hadithi, nyota imezimika mbele yetu. Mimi naufuata ushahidi wa ndani kuliko ukimya wa nje.

Hatua ya 7: Andika fasiri yako katika ukurasa mmoja

Fasiri iliyo kichwani haina mifupa. Iandike. Muundo ninaoutumia una mambo manne: dai kwa sentensi moja, vithibitisho vitatu, kila kimoja kikiwa na episodi na dakika, pingamizi kali kuliko yote dhidi yako, ulilolieleza kwa haki, na kitu ambacho kikionekana utakubali kwamba umekosea.

Hapa kuna wangu, kuhusu lile swali la miisho miwili.

Dai: episodi za 25 na 26, na filamu ya 1997, ni siku moja, televisheni inaonyesha uamuzi wa Shinji kutoka ndani, filamu inaonyesha gharama yake kutoka nje. Ushahidi: picha za Misato na Ritsuko katika episodi ya 25, maandishi ya mwaka 2016 yanayotaja kazi inayoendelea kwa wote, na Shinji kufikia pande zote mbili uamuzi uleule, kwamba anataka kuwa yeye, mahali palipo na wengine. Pingamizi: hali ya moyo haifanani hata kidogo. Anayepongezwa anatabasamu, anayeamka ufukoni anamkaba mtu. Mtu aliyejikubali hafanyi vile. Pingamizi hili ni zito na sijalimaliza. Ninachojibu ni kwamba kukubali kuwepo ni jambo la dakika moja, kukaa na mtu mwingine ni jambo la kila siku, na mikono ina mazoea yake. Ningekubali nimekosea kama ingeonekana ndani ya episodi ya 26 kitu kinachoonyesha dunia ya nje haijaharibika. Nimekitafuta, sijakiona.

Ile sehemu ya tatu, pingamizi, ndiyo inayotenganisha fasiri na ushabiki. Ukishindwa kuliandika pingamizi vizuri kiasi kwamba mpinzani wako aseme "naam, hicho ndicho ninachomaanisha", rudi hatua ya 4.

Hatua ya 8: Ipeleke kwa wengine

Nilimsomea mdogo wangu ukurasa wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Sasa kaka, kama nguzo zile ni makaburi, na yeye ndiye aliyezichomeka, mbona nguzo nyingine imeanguka?" Sikuwa nimeiona. Tuliirudisha filamu, na kweli ipo, imelala mchangani. Akaendelea, "Mimi nasema moja ilikuwa ya Asuka. Aliamka akaiona, akaiangusha." Sina namna ya kulithibitisha hilo, wala yeye. Lakini linafuata ushahidi, linaeleza kwa nini wawili wale wamelala mbalimbali, na linampa Asuka tendo lingine kabla ya lile la mkono. Nimeliandika kwenye ukurasa wangu kwa wino wa rangi nyingine.

Ukiwa kwenye kikundi, mpangilio huu unasaidia: kila mtu aandike ukurasa wake kabla ya kuzungumza, aanze kusoma mgeni zaidi kuliko wote, na mtu akitoa dai aulizwe "episodi gani, dakika gani?" kwa upole. Wasiofika mwisho watoke kwanza au wapewe siku yao.

Na mwongozaji na wenzake waachwe salama. Ndani ya The End of Evangelion kuna sekunde chache ambapo zinapita picha za barua na jumbe za mashabiki, zikiwemo za chuki na vitisho, pamoja na picha halisi za watu wamekaa ukumbini wanatazama skrini. Kila ninapofika hapo nasimamisha. Wale watu walioketi gizani ni sisi. Mtu alikasirishwa na mwisho wa katuni mpaka akaandika kitisho, na kitisho kile kikawa sehemu ya mwisho uliofuata.

Tarehe 8 Machi 2021 filamu ya nne ya masimulizi mapya ilitoka Japani. Mwishoni Shinji, sasa mtu mzima, anatoka mbio stesheni ya treni, na picha ya kuchora inageuka picha halisi ya mji, iliyopigwa kutoka angani. Mji ule ni Ube, alikozaliwa Anno. Mdogo wangu anadai filamu hiyo inajibu swali la ufuko. Mimi nadai ni nyumba nyingine. Tumekubaliana kila mmoja aandike ukurasa wake kwanza, na safari hii daftari analo yeye.